Mpiga Mieleka na Umati Wake: Asifiwe au Alaumiwe?

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, mwaka 2025, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumekaa barazani pamoja na vijana wawili ambao sisi wenyewe tuliwasomesha tangu hawajui alifu wala be. Khabari ilikuwa imekwisha kufika katika simu zao ya kwamba Mmarekani aitwaye Hulk Hogan, mpiga mieleka aliyejulikana karibu ulimwengu mzima, amefariki huko Florida tarehe 24 ya mwezi ule. Wakaanza kubishana. Mmoja akasema: "Yule bwana astahili sifa. Kuwakusanya watu 93,000 chini ya paa moja si jambo dogo." Mwenziwe akamjibu: "Astahili lawama. Amewakusanya kwa lipi? Kwa mchezo wa uwongo. Mali yao imekwenda, na saa zao zimekwenda." Walipochoka kubishana wakatugeukia sisi. "Maalim, tuamulie."

Hatukuwaamulia usiku ule. Tuliwaomba muda. Sababu tuliyowapa ni kwamba kadhi hahukumu kabla ya kuzisikia hoja za pande zote mbili. Lakini ilikuwako sababu ya pili ambayo hatukuwaambia, nayo ni kwamba swali lao lilikuwa limegusa mahali petu penye kidonda. Tutaieleza hapa mbele, inshallah.

Kwanza hatuna budi kukiri jambo moja. Mpambano ule ambao vijana walikuwa wakiutaja, sisi tuliuona tulipokuwa makamo yao, kwa kanda ya video, nyumbani kwa jirani, watu tumesongamana mpaka madirishani. Ulipiganwa tarehe 29 Machi 1987, mjini Pontiac katika jimbo la Michigan. Hogan alimwinua Mfaransa mmoja aitwaye André, pandikizi la mtu, uzito wake zaidi ya kilo 200, akambwaga chini. Nasi tulipiga makelele kama waliokuwako kule kule. Basi hatuwezi leo kuandika kana kwamba sisi hatukuwa katika umati ule.

Tukija katika dini yetu, mieleka yenyewe haina aibu. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mieleka na Rukana akamwangusha, ijapokuwa Tirmidhi mwenyewe aliitia dosari isnadi ya hadithi hiyo. Na katika vitabu vya sira imeelezwa ya kwamba siku za vita vya Uhud kijana Rafii bin Khadij aliruhusiwa kwenda vitani kwa ustadi wake wa kutupa mishale, na mwenziwe Samura bin Jundub akarudishwa kwa udogo. Samura akalalamika kuwa yeye humwangusha Rafii. Wakashindanishwa, akamwangusha kweli, naye akaruhusiwa. Wala kutazama michezo si haramu kwa kuwa ni kutazama tu. Katika Bukhari na Muslim yamo masimulizi ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akawatazama, Mtume akimsitiri, mpaka alipotosheka mwenyewe.

Kwa hiyo mwenye kusema "mieleka ni haramu, basi umati wake ni haramu" amefanya haraka. Swali la vijana wetu ni jingine. Wao hawakuuliza khabari ya mieleka. Waliuliza khabari ya umati. Je, kule kukusanyika kwa watu ni sifa kwa aliyewakusanya, au ni lawama juu yake?

Na tusikilize hoja za msifuji. Yeye asema kwamba mtu huyu ametumia mwili aliopewa na Mola wake, amejizoeza kwa miaka, ameanguka juu ya mbao mara zisizo idadi ili watu wengine waburudike, na hakumshika mtu mkono kumlazimisha kuingia. Mwenye tiketi ameinunua kwa hiari yake. Tena, nyuma ya mpiga mieleka mmoja wako wauza chakula, wafagiaji, madereva na wajenga majukwaa, na wote hupata riziki kwa sababu yake. Haya ni maneno ya haki, nasi hatuyapuuzi.

Mlaumu naye ana yake. Asema kwamba mieleka ile ya biashara si mashindano. Mshindi hupangwa kabla watu hawajaingia. Kwa miaka mingi jambo hilo lilifichwa kama siri ya nyumba. Lakini mwaka 1989 wenye kampuni kubwa kupita zote za Marekani waliliambia baraza la Seneti la jimbo la New Jersey ya kwamba kazi yao ni burudani tu wala si mashindano ya kweli, kwa sababu walitaka kuepukana na masharti na kodi za michezo. Waliposema kweli, waliisema kwa ajili ya fedha. Hata ile hesabu ya Pontiac ina maneno. Wenyewe walitangaza watu 93,173. Wako waandishi wa khabari za mchezo huo waliosema kwamba walikuwa kama 78,000. Haikuwatosha kuwa na umati mkubwa, ila lazima watu waambiwe kuwa ulikuwa mkubwa zaidi. Na hapo hatujataja mapaja yaliyo wazi, wala matusi ambayo mtoto huyaokota kwanza kabla ya lolote jingine.

Ikiwa hoja ni wingi wa watu, basi tukumbuke na mwezi wa Aprili mwaka 1995, mjini Pyongyang katika Korea ya Kaskazini, ambapo Mjapani Antonio Inoki alipambana na Mmarekani Ric Flair, ikatangazwa kwamba watazamaji walipita 100,000. Ni nani aliyewavuta watu wale? Katika nchi ambayo raia haendi wala harudi ila kwa amri, haimkiniki kumpa mpiga mieleka sifa ya umati ule wala kumtupia lawama yake. Tumeona basi kwamba idadi peke yake haishuhudii kitu. Watu huweza kukusanywa na mapenzi, na huweza kukusanywa na hofu, na huweza kukusanywa na chuki.

Na hilo la tatu, yaani chuki, ndilo lenye siri ya biashara yote hii. Katika miaka ya 1940 televisheni ilipoanza kuingia majumbani huko Marekani, alitokea mpiga mieleka mmoja, jina lake la kuzaliwa George Wagner, akajiita Gorgeous George, yaani George mwenye uzuri wa kupita kiasi. Alitia nywele zake rangi ya dhahabu na kuzisokota. Aliingia ulingoni na joho la thamani, na mtumishi wake akitangulia kupuliza manukato ili bwana asinuse harufu ya watu wanyonge. Alijisifu, akawadharau waliolipa kumtazama, akacheza kwa hila. Watu walimchukia, na kwa kumchukia wakajaa ukumbini, kila mmoja akitarajia kwamba leo ndiyo siku ya kumwona akitiwa adabu. Hata kunyolewa kwa nywele zile baada ya kushindwa kulifanywa tamasha, mwaka 1959 na tena mwaka 1962, na watu wakalipa kwenda kuona. Alikufa mwaka 1963, na utajiri wote ule ulikuwa umekwisha kumtoka mikononi.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. George aligundua ya kwamba kibaya kikijitembeza kwa ustadi, chaweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko kizuri.

Sasa Waislamu wengi hawajui ya kwamba khabari hii inatugusa na sisi. Mwaka 1961, mjini Las Vegas, bondia mmoja kijana wa miaka 19 alikutana na George huyo. Kijana yule ndiye aliyekuja kuitwa Muhammad Ali. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliuona ukumbi umejaa watu waliokuja kutaka kumwona George akishindwa, akajiambia kwamba hii ni njia njema ya kupata watu. Tangu hapo akazidisha kujisifu na kuwatolea wapinzani wake maneno, na umati ukamfuata popote alipokwenda.

Ali alikuwa na mikono iliyotosha kumletea watu bila ya ulimi wowote. Lakini ulimi ulikwisha kuzoea. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Joe Frazier, mtu aliyemwunga mkono siku zile Ali alipokuwa amenyang'anywa leseni ya ngumi kwa kukataa kwenda vitani. Kabla ya pambano lao la Manila la mwaka 1975, Ali alimwita Frazier sokwe mbele ya dunia nzima, akawachekesha watu. Maneno yale yalifika mpaka shuleni kwa watoto wa Frazier. Pambano likesha, umati ukatawanyika, fedha zikagawiwa. Lakini kinyongo cha Frazier kilikaa miaka mingi. Mwaka 2001 Ali, ambaye maradhi yalikuwa yamekwisha kuudhoofisha ulimi ule, aliliambia gazeti la New York Times ya kwamba alisema mengi ambayo hakupaswa kuyasema, kwamba anaomba radhi, na kwamba yote yale yalikuwa ni ya kulitangazia pambano. Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi walimsifu kwa umati wake. Sisi twamsifu zaidi kwa radhi ile, maana haikuwa na tiketi.

Na kwa upande wa pili yuko mtu mwingine ambaye vijana wetu hawamjui, nao wangependa kumjua. Ni Ghulam Muhammad wa Bara Hindi, aliyeitwa Gama, Mwislamu, mpiga mieleka ya kweli. Mwaka 1910 alikwenda London. Tarehe 10 Septemba alipambana na Stanislaus Zbyszko wa Poland kwa muda wa zaidi ya saa mbili na nusu bila ya kupatikana mshindi, na walipopangiwa kurudiana juma lililofuata Zbyszko hakutokea, Gama akapewa mkanda wa ubingwa. Mwaka 1928 walikutana tena huko Patiala, Gama akamwangusha kabla ya dakika moja haijatimia. Watu walijaa kumtazama, na hakuwatukana waliokuja.

Lakini sifa yake iliyo kubwa si hiyo. Mwaka 1947 Bara Hindi ilipogawanywa, na watu wakawa wanachinjana kwa dini zao, Gama alikuwa Lahore. Inasimuliwa kwamba alisimama katika mtaa wake pamoja na wanafunzi wake kuwalinda jirani zake Wahindu, na kundi la wenye fujo lilipofika, aliwazuia. Kisha akawapa jirani zake masurufu ya safari na kuwasindikiza waende kwa salama. Alifariki mwaka 1960 katika mji ule ule. Watu wenye nguvu za kuuita umati wako wengi. Mwenye nguvu za kuurudisha nyuma umati uliokuja kwa dhulma ni nadra kumpata.

Tuliyafikiri haya kwa siku kadhaa, na kila tulipokaribia kutoa hukumu, kilikuwa kikituuma kile kidonda tulichokitaja. Sasa tukieleze.

Katika Ramadhani ya mwaka ule ule tulikuwa na darsa yetu msikitini kila siku baada ya Alasiri. Watu walikuwa wachache. Safu moja haijai. Ikatokea khilafu ya mwandamo wa mwezi kama itokeavyo kila mwaka. Mwalimu mmoja wa msikiti wa jirani alikuwa amefunga kwa khabari ya mwezi iliyotoka nchi za mbali, nasi twafuata mwezi wa kwetu. Khilafu hiyo ni ya wanavyuoni, na kila upande una dalili zake. Ingetosha kuzitaja na kunyamaza. Sisi siku moja, katikati ya darsa, tukamwita mwalimu yule Sheikh Antena. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akawa amenasa sauti yetu kwa simu yake, na kabla ya Magharibi mji mzima umesikia.

Siku ya pili safu zilikuwa mbili. Siku ya tatu zikawa nne, na watu wengine wakakaa ukumbini penye viatu. Walikuwa wakingoja, nasi tulijua wanangoja nini, tukawapa. Tulirudi nyumbani tumejaa furaha, tukamwambia mama watoto namna darsa ilivyosimama mwaka huu. Akatuuliza: "Wamekuja kusikiliza Qurani, au wamekuja kukusikiliza ukimsema mwenzio?" Tulimjibu kwamba mambo ya darsa yeye hayajui. Naye alikuwa ameyajua kuliko sisi.

Sura ya Hujurat, ambayo sisi twawafundisha watoto wa miaka kumi, imekataza watu kufanyiana dharau na kuitana kwa majina ya kejeli. Tulikuwa tukiisomesha asubuhi na kuivunja alasiri. Kama George alivyotia manukato, sisi tulitia kilemba. Nyani haoni ngokoye.

Baada ya usiku ule wa barazani tulikwenda nyumbani kwa mwalimu yule. Tulimkuta amekaa juu ya mkeka, akiushona kwa uzi msahafu mkuukuu uliofumuka. Alitupokea kwa salamu njema, akaagiza kahawa. Tulipomwomba radhi alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi nimekusamehe, Maalim, tangu Ramadhani ile ile. Lakini mwanangu mdogo haendi chuoni tangu siku hizo. Watoto wenziwe humwita Antena. Yeye ndiye wa kuombwa."

Tulimwita mtoto tukamwomba radhi. Alitutazama tu, akaangalia chini, asitujibu. Umri wake ni miaka minane. Hatukuwahi kufikiri, siku ile watu wanacheka, kwamba kicheko kile kitakwenda kumtafuta mtoto huyu.

Kosa lililofanywa mbele za watu halitubiwi gizani. Ijumaa iliyofuata tulisema katika darsa yetu ya kawaida kwamba tulimkosea mwenzetu, tukalitaja kosa lenyewe, tukawaomba wenye sauti ile katika simu zao waifute. Hakuna aliyecheka. Juma la pili tulirudi kwenye safu yetu moja, na haijajaa hata leo. Mtoto yule, alhamdulillahi, amerudi chuoni.

Basi vijana wetu walipokuja tena, tuliwapa jawabu hili. Mtu hasifiwi kwa kuwa watu wamekuja, wala halaumiwi kwa kuwa watu wamekuja. Hutazamwa katika mambo matatu. La kwanza, amewaita kwa kitu gani: kwa kazi ya mikono yake, au kwa kumvunjia heshima mwenziwe? La pili, amewaambia kweli au amewahadaa? La tatu, wamerudi majumbani kwao na nini? Aliyeanzisha jambo jema ana ujira wake na mfano wa ujira wa wanaomfuata, na aliyeanzisha baya vivyo hivyo katika mzigo wake. Hayo yamo katika hadithi sahihi, na hayana ubaguzi baina ya mwenye ulingo na mwenye mimbari. Ama mwenye kutafuta tu kusemwa na watu, naye amepata fungu lake hapa hapa. Tumefundishwa habari za shujaa atakayeambiwa Siku ya Kiyama ya kwamba alipigana ili aitwe shujaa, na kwamba lilikwisha semwa. Na pamoja naye yuko msomi aliyesoma ili aitwe msomi.

Na umati nao haukosi sehemu yake. Usiku wa tarehe 23 Mei 1999, mjini Kansas City, mpiga mieleka Owen Hart alikuwa akiteremshwa kwa kamba kutoka darini ili aingie ulingoni kwa vishindo. Akaanguka kutoka juu, akafa. Waliokuwa wakitazama kwa televisheni waliarifiwa kifo chake; waliokaa mle ukumbini hawakuarifiwa, na mapambano yakaendelea mpaka mwisho. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ndoa na watoto wawili. Lawama ya kwanza ni ya wenye kazi. Lakini mazoea ya kutaka kila siku kionekane cha ajabu kuliko cha jana, hayo yalitoka kwenye viti.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msidhani ya kwamba kuizima televisheni au kuipokonya simu kumemaliza kazi. Kaeni na watoto wenu mwaulize: huyu mnayemshangilia, mwampendea nguvu zake, au mwampendea matusi yake? Wapeni mchanga wapigane mieleka, kwa sharti la kutopigana usoni na kutotukanana, na anayeanguka apewe mkono ainuliwe. Nanyi vijana, mtakapouona umati mahali, hata ukiwa msikitini, ulizeni kwanza umeitwa na nini. Na sisi walimu tusihisabu safu kabla ya kuhisabu maneno yetu.

Mtume wetu ametufundisha ya kwamba mwenye nguvu si yule awaangushaye watu, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyopita, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuimiliki, wakati wa ghadhabu na wakati wa kushangiliwa. Amin. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.